Sura ya Saba: Milimita Sita za Nani?

Simamisha bamba moja la chuma juu ya jingine, yafanye herufi T iliyopinduliwa, kisha chomelea ile kona yanapokutana. Ukiukata mshono kwa msumeno na kuutazama ubavuni utaona pembetatu: pande mbili zimeshikana na mabamba, wa tatu ndio uso unaoonekana kwa nje. Mchoro unataka mshono huo uwe wa milimita 6. Zipimwe wapi?

Mafundi waliolelewa katika mapokeo ya Uingereza na Marekani hupima mguu, yaani urefu wa ule upande ulioshikana na bamba. Mjerumani huanzia kwenye kona ya ndani kabisa na kuja hadi usoni mwa mshono kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Anafanya hivyo kwa kuwa mhandisi aliyekokotoa mzigo aliukokotoa hapo. Mshono wa pembe ukizidiwa na mzigo, hapo ndipo penye nyama kidogo na hapo ndipo unapochanika. Kipimo hicho Wajerumani hukiandika kwa herufi a. Waingereza hukiita koo la mshono. Mguu, katika michoro ya kimataifa, huandikwa z.

Kwa pembetatu yenye miguu miwili sawa, koo ni takriban 0.7 ya mguu. Basi fundi aliyezoea mguu akiletewa mchoro wa Kijerumani ambao 6 yake ni ya koo, naye akaisoma kwa mazoea yake, atatoa mshono wenye koo la milimita 4.2. Umepungukiwa karibu asilimia 30 ya nguvu iliyokusudiwa, na hakuna jicho litakaloona kasoro, kwa sababu kasoro haipo. Mshono ni mzuri, umelala vizuri, magamba yake yamepangana. Ni mdogo tu. Na mkaguzi aliyelelewa katika mapokeo yaleyale atakuja na kipimo chake cha mguu, ataikuta 6, ataupitisha.

Kinyume chake ni hasara ya aina nyingine. Fundi wa mapokeo ya Kijerumani akipewa 6 ya mguu naye akaifanya koo, mguu wake utafika milimita 8.5 hivi. Nyongeza inaonekana ndogo mpaka ukokotoe eneo la pembetatu: mguu wa 6 unatoa milimita mraba 18, mguu wa 8.5 unatoa 36. Chuma kilichoyeyushwa ni maradufu. Rodi ni maradufu, muda vilevile, na joto lote hilo linaingia kwenye mabamba na kuyapinda. Jengo halitaanguka, ila mkandarasi anaweza kuanguka, maana aliomba kazi kwa bei ya nusu ya chuma hicho.

Nimeanza na pembetatu hii kwa makusudi. Watu wakisikia kwamba nchi zinatofautiana katika uchomeleaji hufikiria majina, na majina kweli yanatofautiana. Kile ambacho fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Kamukunji jijini Nairobi anakiita tu welding ya umeme, Mmarekani kwenye karatasi anakiita SMAW, Mwingereza MMA, Mjerumani E-Hand. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, likaamua kuupa kila mtindo namba: huo ni 111. TIG ya Mwingereza ni WIG kwa Mjerumani, kwa kuwa tungsteni kwao ni Wolfram. Mmarekani anaandika GTAW, na ISO inasema 141. Ulaya hutenganisha MIG, inayotumia gesi isiyojiunga na chuma kama argoni, na MAG, inayotumia kaboni dayoksaidi au mchanganyiko wake. Marekani zote mbili karatasini ni GMAW, na mitaani zote ni MIG. Haya yanachosha, lakini si ya kutisha. Mtu akikutana na jina asilolijua huuliza. Akikutana na namba anayoijua, hata kama safari hii imebeba maana nyingine, haulizi kitu.

Tuendelee kidogo na mchoro. Alama ya mshono hukaa kwenye mstari mlalo ulioungwa na mshale, na mshale unagusa mahali pa kuchomelea. Kila kiungo kina upande ule mshale unakogusa na upande wa pili, nyuma yake. Kanuni ya Kimarekani ni nyepesi: alama ikiwa chini ya mstari, chomelea upande wa mshale, ikiwa juu, chomelea upande wa pili. Ulaya waliongeza mstari wa nukta sambamba na ule wa kwanza. Alama iliyokaa kwenye mstari mzima ni ya upande wa mshale, iliyokaa kwenye mstari wa nukta ni ya upande wa pili. Na huo mstari wa nukta unaruhusiwa kuchorwa juu au chini. Kwa hiyo alama iliyo juu inaweza kuwa na maana mbili zinazopingana kabisa, kutegemea mchoro ulitoka wapi. Ongeza kwamba Ulaya kwa desturi huchora sura za kitu kwa mpangilio mmoja na Marekani kwa mwingine, kiasi kwamba sura ya kushoto ya huyu inakaa kulia kwa yule, ndipo utaelewa kwa nini wakaguzi wazoefu husoma kwanza kile kisanduku cha maandishi kilicho pembeni mwa karatasi kabla hawajautazama mchoro wenyewe.

ISO walijaribu kuwapatanisha. Kiwango cha alama za uchomeleaji, ISO 2553, toleo la 2013, kilitoka na suluhisho ambalo mpaka leo linanichekesha: kilizichukua kanuni zote mbili na kuziweka ndani ya kitabu kimoja. Mfumo A ni wa mstari wa nukta, Mfumo B ni wa kanuni inayofuatwa Marekani na kwa wengi wa wale wanaopakana na Pasifiki. Wamepewa uwanja mmoja, lakini kila familia inapika chungu chake. Mchoro ukitaja tu kwamba umefuata ISO 2553 haujasema kitu; lazima useme A au B. Jambo moja kiwango hicho kinalilazimisha, nami naona ndilo la maana kuliko mengine yote yaliyomo: kipimo cha mshono wa pembe kitanguliwe na herufi, a au z. Herufi moja tu, na ile pembetatu ya mwanzo haina utata tena. Michoro ya Kimarekani haiweki herufi, kwa kuwa kwao hakuna cha kutofautisha. Wanaandika mguu, mara nyingi kwa sehemu za inchi, wakaendelea na kazi. Ndani ya Marekani hilo halina ubaya wowote. Matatizo huanza mchoro unapopanda ndege.

Afrika Mashariki michoro inateremka kutoka pande zote. Wahandisi wetu wa zamani walisomeshwa viwango vya Uingereza. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017, ilijengwa kwa viwango vya reli vya China. Viwanda vya mafuta na gesi huja na vitabu vya Kimarekani hata mwenye mradi akiwa Mfaransa. Mashine za viwandani zina michoro ya Ujerumani, Italia, India. Fundi mmoja anaweza kupita katika mapokeo manne kwa mwaka mmoja bila kuvuka mpaka, na kwenye cheti chake cha chuo hakuna palipoandikwa alifundishwa mapokeo ya nani.

Ukitaka kuyaona mapokeo hayo yote mahali pamoja, ingia duka la vifaa vya ujenzi uombe rodi.

Kwanza muuzaji atakuuliza: geji 10 au geji 12? Hapo ameshakupeleka Uingereza ya mwaka 1884, geji ya kifalme ya waya ilipoanza kutumika kisheria. Katika geji hiyo namba ikipanda unene unashuka: 10 ni milimita 3.25, 12 ni milimita 2.64. Boksi lenyewe linasema 3.2 na 2.5, lakini dukani milimita haina mteja. Marekani nao wana geji yao ya waya, na humo namba 10 ni milimita 2.59. Yaani 10 ya Mmarekani inakaribiana na 12 ya Mwingereza. Kwenye bati na mabomba ya mraba wanakaribiana zaidi ila hawalingani: geji 16 ya Uingereza ni milimita 1.63, ya bati la chuma la Marekani ni 1.52. Kwa geti la nyumba haina uzito. Kwa mtu anayeweka kiwango cha umeme kwenye mashine akichomelea bati jembamba, inatosha kutoboa.

Sasa soma maandishi ya boksi. Rodi ya mitaani kwetu karibu daima ni E6013, jina la Kimarekani. Namba 60 ina maana kwamba chuma kitokacho kwenye rodi hiyo kisikatike chini ya mvuto wa pauni 60,000 kwa inchi mraba, sawa na megapaskali 414 hivi. Namba 1 inakuambia unaweza kuchomelea ukiwa katika mkao wowote, hata juu ya kichwa. 3 inaeleza aina ya unga uliofunika rodi na umeme unaofaa. Ni jina zuri, fupi, limeenea dunia nzima. Boksi likitoka China, pembeni mwake mara nyingi pana jina la pili: J421. Likitoka India huenda likabeba ER4211. Na ukienda kwenye kiwango cha kimataifa, ISO 2560, utakuta rodi zenye jina kama E 42 4 B.

Itazame 42 katika hayo matatu. Katika J421 ni nguvu ya kukatika: megapaskali 420 hivi, chuma kinaachana. Katika E 42 ya mfumo wa Ulaya ni megapaskali 420 vilevile, lakini hapo ndipo chuma kinapoanza tu kunyooka bila kurudi. Kukatika kwake kunakuja mbali zaidi, kati ya megapaskali 500 na 640. Katika ER4211 ya India 42 haipo kabisa kama namba moja: 4 ni daraja la nguvu, na 2 inahusu chuma kinanyooka kiasi gani kabla ya kukatika na kinastahimili pigo kiasi gani. Tarakimu zilezile zinajibu maswali matatu. Anayedhani kwamba J421 na E 42 ni ndugu kwa sababu ya 42 atanunua rodi dhaifu kuliko aliyoagizwa, na risiti yake itaonyesha 42 kama alivyotaka.

Hapa tena ISO walikunja kitabu kimoja juu ya mifumo miwili. Tangu toleo la 2002, ISO 2560 ina A inayohesabu kwa nguvu ya kuanza kunyooka na B inayohesabu kwa nguvu ya kukatika. Hata katika kupima pigo la ghafla hawakukubaliana: A inataka kipande cha majaribio kifyonze jouli 47 kabla ya kuvunjika, B inataka 27. Hiyo 27 si namba ya bahati nasibu. Ni futi-pauni 20 za Kimarekani zilizovikwa nguo za metriki.

Jaribio lenyewe lina jina la Mfaransa Georges Charpy, naye alilieleza mwaka 1901. Kipande cha chuma chenye upana wa milimita 10, kimekwanguliwa mkato mdogo katikati, kinapozwa hadi baridi inayotakiwa, kisha nyundo inayobembea inakipiga mgongoni. Nyundo ikipita na kupanda juu upande wa pili karibu kama ilivyoanguka, chuma hakikuizuia: kilikatika kama kioo. Ikipanda kidogo tu, chuma kiliinyang'anya nguvu kwa kunyooka na kuraruka. Nguvu ya kukatika haikuambii hayo. Chuma kinaweza kuwa na nguvu kubwa kikivutwa polepole na bado kikapasuka kwa pigo.

Marekani walilijua hilo kwa uchungu. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, mpya kabisa, iliyochomelewa badala ya kupigwa ribiti, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini huko Portland, Oregon. Hakukuwa na dhoruba wala torpido. Meli nyingine za wakati wa vita zilizochomelewa kwa haraka nazo zilipasuka, na Constance Tipper wa Cambridge akaonyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa chuma chenyewe, ambacho kikipoa kupita kiwango fulani kinaacha kunyumbuka. Wajenzi wa meli wakaanza kudai vipimo vya pigo.

Waliojenga maghorofa hawakudai. Miaka hamsini na moja baadaye, alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994, tetemeko la Northridge likaipiga Los Angeles. Majengo ya fremu za chuma yalibaki wima, watu wakapongezana. Wiki zilizofuata wakaguzi walipobandua kuta na dari walikuta viungo vya boriti na nguzo vimepasuka katika majengo zaidi ya 100, mara nyingi kuanzia kwenye mshono wa chini wa boriti. Waya uliotumika sana kuchomelea viungo hivyo uliitwa E70T-4. Namba 70 ilikuwa kweli tupu: pauni 70,000 kwa inchi mraba, hakuna aliyedanganya. Ila daraja hilo la waya halikuwa na sharti lolote la kustahimili pigo. Jina la waya lilijibu swali lililoulizwa, na tetemeko likaja na swali lake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, tetemeko la Kobe likapasua viungo vilivyochomelewa Japani pia, ingawa Wajapani walikuwa wakivitengeneza kwa njia tofauti. Kanuni ya Kimarekani ya uchomeleaji wa majengo kwenye maeneo ya matetemeko, iliyotoka mwaka 2005, inataka mishono ile ya hatari ifyonze futi-pauni 20 katika baridi ya chini ya sifuri na 40 katika joto la kawaida.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinavuruga ile picha ya mataifa yanayogombana. Mpaka uliopuuzwa Northridge haukuwa kati ya nchi na nchi. Ulikuwa kati ya gati na ghorofa, ndani ya taifa moja lenye lugha moja.

Na E6013 yetu? Kiwango cha Kimarekani hakiidai ipimwe kwa pigo hata kidogo. Kwa grili ya dirisha Mbagala hilo ni sawa kabisa. Baridi ya kuvunja chuma haitafika Mbagala. Lakini nimeona rodi hiyohiyo ikiunga fremu za matrela na mihimili ya kubebea mizigo mizito, kazi ambazo mtu wa rodi ya E7018 asingekubali iziguse. E7018 inadaiwa jouli 27 katika nyuzi 29 chini ya sifuri. Ni ghali zaidi, inataka kuhifadhiwa mahali pakavu, inamsumbua asiyeizoea. Muuzaji haulizi unaenda kuchomelea nini. Anauliza geji.

Mitungi ya gesi nayo niitaje, ingawa kwa ufupi. Katika gereji zetu oksijeni kwa desturi inakaa kwenye mtungi mweusi na asetilini kwenye mtungi wa hudhurungi nyekundu. Huo ni urithi wa Uingereza. Chini ya kanuni ya Ulaya ya sasa, bega jeusi ni la naitrojeni na oksijeni ina bega jeupe. Wajerumani kabla ya kanuni hiyo walipaka oksijeni buluu na naitrojeni kijani. Marekani kijani ndiyo rangi iliyozoeleka ya oksijeni, hadi kwenye mipira, wakati mpira wa oksijeni Ulaya ni buluu. Ulaya walipobadilisha rangi waliiweka herufi N kwenye bega la mtungi miaka yote ya mpito, kwa maana ya mpya katika lugha zao kadhaa, ili mtu ajue anatazama rangi za zama zipi. Kanuni yenyewe inatamka kwamba cha kutegemewa ni lebo, rangi ni msaada. Kitu kimoja kilichowaunganisha wengi ni nati: ya asetilini inafungwa kwa kuzungusha kushoto, ya oksijeni kulia, ili aliyechanganya rangi azuiwe na mkono wake mwenyewe.

Nirudi kwa mtu, maana hata yeye ana namba. Tangazo la kazi za Ghuba likifika kwenye simu za mafundi wa Mombasa au Tanga, kitu cha kwanza kinachoandikwa baada ya mshahara ni 6G. Huo ni mkao katika mapokeo ya Kimarekani: bomba limewekwa mshazari kwa digrii 45, haligeuzwi, na fundi analizunguka akichomelea chini, ubavuni na juu kwa zamu. Ulaya wanauita H-L045. Mikao ya bamba kwa Mmarekani huanzia 1G, bamba likiwa limelala, hadi 4G, likiwa juu ya kichwa. ISO inatumia herufi zinazoanza na P. Herufi hizo zinazidi lugha ya Kimarekani kwa jambo moja la maana. 3G ni mshono wa wima, haisemi unapanda au unateremka. PF unapanda, PG unateremka, na hizo ni kazi mbili tofauti. Kwenye mabomba marefu ya mafuta yanayokatiza nchi, mafundi huteremka kwa kasi kwa rodi za selulosi. Kwenye mitambo ya kusafishia mafuta kwa kawaida wanapanda polepole. Mtu aliyezeekea kwenye upande mmoja anaweza kufeli jaribio la upande mwingine siku ya kwanza, akaonekana hajui kazi.

Jaribio analifanya hata akiwa na vyeti vya kujaza bahasha, na hilo linawaudhi wengi. Wanaliona kama dharau kwa Mwafrika. Dharau huenda ikawepo, lakini chanzo cha sharti hilo ni cha zamani na hakimhusu. Tarehe 20 Machi 1905 bwela la kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton, Massachusetts, lililipuka na kuua watu 58. Jimbo likatunga sheria za mabwela mwaka 1907, na wahandisi mitambo wa Marekani, ASME, wakaja na kanuni yao, toleo la 1914. Kanuni hiyo ilikua ikawa vitabu vingi, na kile cha uchomeleaji, Sehemu ya IX, kinamtwika mzigo mwajiri. Kampuni inayotengeneza chombo cha mgandamizo ndiyo inayopaswa kuwapima wachomeleaji wake na kutia sahihi. Haiwezi kuegemea sahihi ya kampuni nyingine, isipokuwa kadhaa zikubaliane mapema kusimamia jaribio kwa pamoja. Cheti chako cha kampuni uliyoiacha kinakusifia wewe, lakini mwajiri mpya hawezi kujifunika nacho.

Wajerumani walikuwa na mlipuko wao, wa bwela la kiwanda cha bia mjini Mannheim, Januari 1865. Mwaka uliofuata wenye mabwela waliunda chama cha kuyakagua kwa hiari, na vyama vya namna hiyo ndivyo vilivyozaa mashirika ya ukaguzi yaitwayo TÜV. Mapokeo yao yalimweka mtu wa tatu katikati, asiye mwajiri wala mfanyakazi. Ndiyo maana chini ya ISO 9606, kanuni iliyochukua mahali pa ile ya Ulaya, cheti hutolewa na mtahini au chombo cha utahini, kina jina la fundi, na fundi anaweza kuhama nacho. Kwa maoni yangu mfumo huu unamheshimu zaidi mtu wa kazi. Ule wa Kimarekani, kwa upande wake, unamnyima mwajiri kisingizio: bwela likilipuka hawezi kusema alidanganywa na karatasi. Wote wawili wanakubaliana kwamba mkono unasahau. Ukikaa miezi 6 bila kuutumia mtindo huo wa kuchomelea, sifa yako inakwisha kwa Mmarekani. Kwa ISO, kila miezi 6 lazima anayekusimamia athibitishe kwa sahihi kwamba bado unaufanyia kazi.

Basi fundi wa Tanga amefika Ghuba, amepewa bomba la mshazari, ameambiwa apande. Amemaliza, limepoa. Wanalikata vipande vyembamba kupitia mshononi, wanavilainisha, na wanavikunja kimoja kimoja kwenye mashine mpaka vinakuwa herufi U, mshono ukiwa juu ya mgongo wa mkunjo, mahali panapovutwa kuliko pengine pote. Mkaguzi anapitisha kidole, anatafuta mpasuko, akiupata anaupima. Kitabu cha Kimarekani kinamruhusu kuukubali usiozidi sehemu moja ya nane ya inchi, ambayo wenyewe wanaiandika pembeni kuwa milimita 3. Kitabu cha ISO kinaweka mstari kwenye milimita 3. Mpasuko ulioanzia kwenye ukingo wa kipande vitabu vyote viwili vinausamehe, mradi usiwe umetokana na chuma ambacho hakikushikana au takataka ya rodi iliyobaki ndani.